Kuchomeka wingu kwenye seva ya nyumbani: maana yake hasa

Mama mdogo aliolewa Tanga mwaka 1993. Mkanda wa VHS wa harusi ile ulikaa kabatini miaka yote, mpaka fundi mmoja alipougeuza kuwa faili la kompyuta pamoja na mikanda mingine kumi na kitu: maulidi, mahafali, safari ya Lushoto. Ongeza video za simu za miaka hii na filamu nilizonunua kwenye diski, unafika TB 2 (terabaiti mbili, yaani GB 2,000) bila kujitahidi. Vyote vilikuwa kwenye kompyuta kuukuu iliyojificha nyuma ya runinga sebuleni, mpaka diski yake ikajaa. Kila niliyemweleza alinijibu vilevile: "Si uviweke kwenye wingu tu?"

Hilo "tu" ndilo linalohitaji maelezo.

Kompyuta hiyo ya sebuleni ndiyo inayoitwa seva ya nyumbani ya kutiririsha. Ndani yake kuna programu, mara nyingi Plex, Emby au Jellyfin, inayopitia folda za video na kuzipanga kama maktaba yenye picha na majina. Ukichagua filamu, inakupelekea kidogokidogo kwenye runinga au simu, ili uanze kutazama kabla faili zima halijafika. Huko ndiko kutiririsha. Na kifaa chako kisipolimudu faili lilivyo, seva inaligeuza papo hapo liwe jepesi. Mimi natumia Jellyfin, iliyochipuka kutoka Emby Desemba 2018 baada ya Emby kufunga msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe yaliyokuwa wazi kwa wote. Haina malipo.

Hifadhi ya wingu, kwa upande wake, ni diski zilizo kwenye jengo la mtu mwingine. Unaziendea kwa intaneti: unaomba faili, unapewa, unapeleka faili, linapokewa. Google Drive, Dropbox, OneDrive, Backblaze B2 na Amazon S3 zote ni za ukoo huo, ingawa bei na tabia zinatofautiana sana. Kila moja ina mlango wake wa kuulizia, na hapo ndipo seva ya filamu inapokwama, maana haijui kubisha hodi. Inachojua ni folda iliyo kwenye diski, basi.

Kati yao anahitajika mkalimani. Anayejulikana zaidi ni rclone, programu ya bure iliyoanzishwa na Mwingereza Nick Craig-Wood, inayoelewana na hifadhi za aina zaidi ya 70. Amri yake ya mount inafanya kile tunachokiona tukichomeka fleshi: folda mpya inatokea kwenye kompyuta, ukiifungua unakuta mafaili, ukiyabonyeza yanafunguka. Mafundi wanasema "kumaunti". Mimi naona kuchomeka kunatosha. Jellyfin ikichungulia folda hiyo inaiona harusi ya mama mdogo, ukubwa wake na tarehe yake. Haijui kwamba harusi yenyewe imelala kwenye jengo fulani Ulaya.

Dhana nzima ndiyo hiyo: wingu limejifanya diski, na seva imeamini. Karibu kila usumbufu utakaokutana nao unatokana na seva kuamini.

Chukua kitendo kidogo cha kubonyeza kitufe cha kuanza. Tungedhani seva inasoma faili toka mwanzo kwenda mwisho, kama msomaji wa riwaya. Sivyo. Faili la MP4 lina faharasa inayoeleza kipande kipi cha picha kiko wapi, na mara nyingi faharasa hiyo imeandikwa mwishoni kabisa. Kwa hiyo seva inafungua mwanzo, inaruka mwisho, inarudi mwanzo. Kwenye diski ya nyumbani huuoni mruko huo. Kwenye wingu, kila mruko ni safari ya kwenda na kurudi ng'ambo ya bahari. Ndiyo sababu kiduara kinazunguka kwa sekunde kadhaa kabla ya picha, na kinazunguka tena kila ukisogeza mbele kuikimbia hotuba ya mwenyekiti wa kamati. Kwa mafaili yako mwenyewe dawa ipo: programu ya ffmpeg, kwa chaguo lake la faststart, inaihamishia faharasa mwanzoni bila kugusa picha.

Ukishapita hapo, linabaki suala la upana wa bomba. Video ya megabiti 8 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa filamu ya HD iliyobanwa vizuri, inakula GB 3.6 kwa saa. Nakala ya Blu-ray isiyobanwa upya inaweza kufika megabiti 30, na ya 4K ikapita 60. Laini ya megabiti 20 itaimudu ile ya kwanza, tena ikiwa watoto hawajajifungia chumbani na simu zao.

Hapo ndipo kache inapoingia. Nyumba zetu nyingi hazitegemei bomba la mtaani moja kwa moja. Maji yanapanda kwanza kwenye simtanki, na bomba likikata saa mbili unaendelea kuoga. Kache ni simtanki la mafaili. Rclone ikiwashwa na mpangilio wa vfs-cache-mode full, kila kipande kinachosomwa kutoka kwenye wingu kinabaki pia kwenye diski ya nyumbani kwa muda, hivyo kukirudia hakugusi intaneti. Angalizo moja: usipoiwekea kikomo cha ukubwa, kache inaweza kukua mpaka diski ijae, na diski kujaa ndiko kulikotukimbiza huku. Nimeona mtu akihamia kwenye wingu kwa kukosa nafasi, kisha kache ikamalizia ile nafasi kidogo aliyobakiwa nayo.

Wapo wanaodhani kuweka filamu kwenye wingu kunaipunguzia kompyuta kazi. Hapana. Wingu la namna hii linatunza mafaili na kuyatoa, hakuna zaidi. Kazi ya kugeuza video nzito iwe nyepesi, ile inayofanya feni ipige kelele, inabaki palepale sebuleni. Plex iliwahi kujaribu njia nyingine, ya kuihamisha seva yenyewe. Plex Cloud ilitangazwa Septemba 2016, ikianza na Amazon Drive. Hukuhitaji kompyuta nyumbani kabisa. Huduma hiyo ilifungwa tarehe 30 Novemba 2018.

Sasa tuje kwenye skani, yaani seva kuyapitia na kuyachunguza mafaili, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Seva inapenda kuyafahamu mafaili yake. Inatengeneza vijipicha vya kuonyesha ukisogeza mbele, inatafuta utangulizi wa tamthilia ili ikupe kitufe cha kuuruka, inachambua sauti. Kazi nyingi za aina hiyo zinataka kulisoma faili lote. Kwenye diski, usiku mmoja unatosha na asubuhi huna habari. Kwenye wingu, kulisoma faili lote ni kulipakua lote, kwa hiyo maktaba ya TB 2 inaweza kushuka nzima kupitia laini yako wakati umelala, hata kama hakuna aliyetazama chochote. Mwenye bando la kuhesabiwa ataamka na bando tupu. Mwenye laini isiyo na kikomo naye asome yale maandishi madogo ya mkataba kuhusu matumizi ya haki, maana "isiyo na kikomo" mara nyingi ina mahali inapopunguziwa kasi. Zima kazi hizo zote kabla hujaionyesha seva folda ya wingu, si baada.

Kuna jingine dogo linalowachanganya wageni. Ukitia video mpya kwenye diski ya kawaida, mfumo wa kompyuta unaishtua seva mara moja. Folda iliyochomekwa kutoka kwenye wingu haitoi mshtuo huo kwa faili lililoongezwa kutokea kwingine, kwa hiyo video uliyoipakia kwa simu haitokei maktabani mpaka seva ipite tena kukagua. Ipangie seva saa maalumu za kukagua, au bonyeza mwenyewe.

Na kuna lile lililonipata nilipojaribu kuchomeka wingu. Asubuhi moja niliamka nikakuta maktaba nzima imetoweka: harusi, maulidi, kila kitu. Usiku intaneti ilikatika, mchomeko ukachomoka, na seva katika ukaguzi wake ikaikuta folda iko wazi. Kwa kuwa inaamini ile ni diski, ikahitimisha kwamba nimefuta kila kitu, nayo kwa utiifu ikafuta orodha yake. Mafaili yalikuwa salama huko yaliko. Kilichopotea ni majina niliyoandika kwa mkono, nani yuko kwenye video ipi, kazi ya wiki tatu za jioni. Kama programu yako ina chaguo la kumwaga taka kila baada ya skani, lizime. Kisha iagize kompyuta isiiwashe seva mpaka mchomeko uwe umekaa. Na ile kanzidata ya maktaba, yaani orodha yenyewe na picha zake, iache kwenye diski ya nyumbani siku zote. Inaandikwa na kusomwa mara nyingi mno kuvumilia umbali.

Dada yangu anaishi Muscat, naye alitaka kuiona harusi. Seva ikiwa Dar es Salaam na mafaili yakiwa Ulaya, fuata njia ya picha: inatoka Ulaya, inapita kwenye kebo ya baharini, inashuka Dar, inaingia sebuleni kwangu, halafu inageuka na kupanda tena kwenda Oman. Imekuja Dar kusalimia tu. Safari ya pili inategemea kasi yangu ya kupakia, ambayo kwenye laini nyingi za nyumbani ni ndogo kuliko ya kupakua. Isitoshe, watoa huduma wengi huwakusanya wateja kadhaa nyuma ya anwani moja ya intaneti, na hapo dada hawezi kuifikia seva bila njia ya kuzunguka, kama Tailscale, programu inayounganisha vifaa vilivyo mbali kana kwamba viko nyumba moja. Kwa familia iliyotawanyika namna hii, ni heri kukodi seva iliyo karibu na wingu lenyewe, na nyumba ya Dar ikawa mtazamaji kama wengine.

Kebo hizo nazo si za kudumu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama ile, aliye na video kwenye diski ya nyumbani alitazama kama kawaida. Aliyechomeka wingu alikuwa na maktaba yenye mabango mazuri yasiyofunguka.

Kuhusu fedha, kosa la kawaida ni kuangalia bei ya kuhifadhi na kusahau bei ya kutoa. Nilipopiga hesabu, Backblaze B2 ilikuwa ikitoza dola 6 kwa TB 1 kwa mwezi, na kutoa kulikuwa bure mpaka mara tatu ya ulichohifadhi. Kwa TB 2 zangu zilikuwa dola 144 kwa mwaka, fedha iliyotosha kununua diski ya nje ya ukubwa huo na chenji ikabaki. Amazon S3, kwenye vituo vyake vya Marekani, inatoza takriban senti 9 za dola kwa kila GB inayotoka, baada ya GB 100 za kwanza za mwezi. Filamu ya saa mbili ya megabiti 8 ina GB 7.2, kwa hiyo kila ukiitazama unalipa kama senti 65. Watoto wakipenda katuni moja, wewe unajua wanaitazama mara ngapi.

Zamani kulikuwa na njia ya mkato: akaunti za nafasi isiyo na mwisho. Amazon Drive ilikuwa nayo kwa chini kidogo ya dola 60 kwa mwaka mpaka 2017 ilipoiondoa. Huduma yenyewe ilifungwa mwishoni mwa 2023. Dropbox nayo ilifuta ahadi ya aina hiyo kwenye akaunti zake za biashara mwaka huohuo wa 2023. Waliojaza makumi ya TB walipewa muda wa kuhama, na kuhama huko si mchezo. Kupakia TB 2 kwa kasi ya megabiti 10 kunachukua siku 18 na nusu, usiku na mchana, umeme usikatike.

Rclone pia inaweza kusimba mafaili kabla hayajatoka nyumbani, kwa kipengele chake kinachoitwa crypt. Mwenye jengo anaona majina yasiyosomeka na yaliyomo yasiyofunguka. Kinachonifurahisha ni kwamba kinasimba kwa vipande vidogo vya KB 64, kwa hiyo seva bado inaweza kuruka katikati ya filamu bila kulifungua faili lote. Ila ukilipoteza nenosiri, hakuna wa kumpigia simu.

Mwisho wa yote nilinunua diski ya pili. Maktaba tunayotazama iko sebuleni, na wingu lina nakala iliyosimbwa, haijachomekwa popote, inaongezewa vipya kila Ijumaa usiku. Nenosiri liko kwenye karatasi mbili, moja kwangu na nyingine kwa mama mdogo, ndani ya albamu ya harusi. Dada wa Muscat nilimbania harusi ikawa MB 700 nikamtumia kiungo. Alinipigia akicheka kwamba aliyesimama nyuma ya ngoma, mwenye shati la njano, ni mimi.