Diski Inayogonga Haiponywi na Friza

Dhana: diski ngumu ya kompyuta ikigoma kusoma, iweke kwenye friza usiku kucha, asubuhi itaamka. Ushauri huu una asili yake, maana kwenye diski za zamani baridi iliweza kukwamua chuma kilichoshikana. Lakini sahani za diski huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachozisoma huelea juu yake kwa nanomita chache tu. Unywele mmoja ni mnene mara maelfu kuliko nafasi hiyo. Ukiitoa kwenye friza katika unyevu wa Kampala, mji wa kando ya ziwa, umande hutanda ndani. Kichwa kikiparamia, hukwangua sahani, na palipokwanguliwa hapana fundi wa kuparudisha.

Kuifungua mezani "tuone ndani" ni kuiua vilevile. Mtu wa Uganda hahitaji kuelezwa habari za vumbi jekundu la murram.

Dhana: umeme umerudi kwa kishindo ukaunguza saketi ya diski, basi nunua diski ya modeli ileile uhamishe saketi yake. Zamani ilikubali. Nyingi za siku hizi zina chipu yenye vipimo vya diski hiyo moja tu, nayo sharti ihamishwe, kazi ya kulehemu inayotaka mkono mtulivu.

Inayoniudhi zaidi ni hii: Windows ikisema diski ina makosa, iruhusu irekebishe. CHKDSK, programu ya Windows inayofanya marekebisho hayo, kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski, si kuokoa mali yako. Diski iliyougua inalazimishwa kusoma na kuandika kwa saa nyingi, na picha za kwanjula (sherehe ya utambulisho) ya dada yako zinaweza kuishia vipandevipande vyenye majina kama FILE0001.CHK. Hapo ndipo watu wengi huanza kumtafuta fundi.

Ukweli: nakili kwanza. Kama diski inasuasua tu bila kugonga, kuna programu ya bure ya ddrescue, hutumika kwenye mfumo wa kompyuta wa Linux. Huchota sehemu nzima kwanza, mbovu huzirudia mwishoni, na yote huyapeleka kwenye diski nyingine yenye nafasi sawa au zaidi. Ukiipa faili ya ramani, huandika humo ilipofikia, kwa hiyo umeme ukikatika katikati huanzi upya.

Ikigonga tik-tik, izime hapohapo. Mara nyingi ni kichwa kimeharibika, na programu haitengenezi kichwa.

Kabla ya kumwachia fundi, muulize atanakilia wapi. Akijibu kwamba ataiwashawasha kwanza aone, beba diski yako uondoke.