Shafti ya nyuma imekatika: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gia imeingia, injini inanguruma, gari halisogei. Papo hapo utasikia: "Klachi imeisha hiyo." Kabla hujakubali kushusha gia boksi, simama pembeni uinamie huku mwenzako akiachia klachi taratibu. Propela, ule mti wa chuma unaotoka gia boksi kwenda nyuma, ikizunguka na gari limetulia, klachi ni nzima; ugonjwa uko nyuma. Difu ya kawaida, yaani gia za katikati ya ekseli ya nyuma, hupeleka mzunguko upande usio na mzigo, kwa hiyo kati ya shafti mbili zinazotoka difu kwenda magurudumuni, moja ikikatika, ile nzima nayo haivuti.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana ninayoiogopa kuliko zote: "Nimeweka gia, gari haliendi popote." Gia inashika propela tu. Shafti ikiwa imekatika, hata gurudumu la upande usiokatika linaweza kubingirika na gari likaondoka. Hendibreki ya Hilux inashika magurudumu yenyewe, lakini utalazimika kuiachia ili dramu, lile kopo la chuma linalofunika breki, itoke. Kwenye Land Rover Defender ya zamani hendibreki inabana propela, kwa hiyo nayo haisaidii kitu. Zuia magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, kwa vigingi vya mbao au mawe makubwa. Kisha stendi za chuma chini ya ekseli. Tofali la saruji hupasuka bila kukuonya, tafadhali usiliamini.

"Ichomelewe tu, fundi wa welding yupo." Chukua kipande kilichokatika, kipanguse mafuta, ukitazame juani. Mara nyingi utaona sehemu moja laini, yenye mistari iliyopindana kama mgongo wa kombe, na nyingine ya chembechembe inayong'aa kama sukari. Ile laini ni ufa uliokuwa ukitembea muda mrefu. Ya chembechembe ndiyo iliyoachia siku ya mwisho. Chuma cha shafti hupikwa kwa moto maalumu ili kiwe kigumu, na moto wa kuchomelea huua ugumu huo pembeni mwa kiungo. Kwenye Hilux shafti haizungushi gurudumu tu, imebeba na uzito wa gari. Ikikatika karibu na beringi, gurudumu huweza kutoka pamoja na dramu yake, barabarani, mbele ya watu. Nunua nyingine, hata ya mtumba, lakini uilaze kando ya ile ya zamani: pima urefu, hesabu meno. Magari mengi kulia na kushoto hazilingani.

Si kweli pia kwamba lazima difu ishuke. Kwenye Hilux, ukishatoa dramu, bomba la breki na kebo ya hendibreki, nati nne za nyuma ya sahani ya breki, lile bamba linalobeba breki, zinaachia shafti yote. Kipande kilichobaki ndani huvutwa kwa sumaku. Kikigoma kabisa, basi difu itashuka.

Kazi moja usiifanyie nyumbani: beringi. Ukiigonga kwa nyundo, gololi hutoboa vishimo kwenye njia yake, na baada ya muda itaanza kulia. Ipeleke kwenye presi, mashine ya kukandamiza, na ringi mpya ya kuishikilia. Hakikisha sahani ya breki imevalishwa kwenye shafti kwanza, la sivyo utarudia yote.

Sili, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, iwe mpya, na oili ya difu imwagwe, kwani ina vumbi la chuma. Fungua kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia. Mwisho toa upepo kwenye breki, na ukanyage pedali mpaka iwe ngumu kabla hujatoa vigingi.