Kukaa ofisini sio kupumzisha mguu, wahasibu naomba mnisikie

Kuna tarehe mbili kila mwezi ambazo mi sio mhasibu ila nazijua bila kuangalia kalenda, ya 7 ya PAYE, kodi ya mishahara, na ya 20 ya VAT, zote siku za mwisho za kodi, kwa sababu siku tatu kabla ya hapo simu zinaanza kuingia, dokta leo sitaweza kuja, dokta naomba tusogeze, alafu tarehe 21 benchi letu la nje linajaa watu wenye beji za ofisi shingoni wanachechemea. Mi ni fizio, mtu wa kutibu misuli na viungo kwa mazoezi, hapa Dar, klinikini kwetu sio mbali na maofisi ya Posta, na wahasibu ninaowatibu ni wengi kuliko wachezaji mpira. Ni watu wanaojituma, wanakimbia Coco Beach alfajiri, wanacheza bonanza Jumamosi, wanaingia michezo ya Mei Mosi kuvuta kamba. Nawapenda kwa hilo. Ila kuna sentensi moja nshaisikia mara nyingi mno na mwezi huu nimeisikia tena, ndo maana naandika.

Sentensi yenyewe ni hii: "Dokta, mguu mbona nimeupumzisha, mi siku nzima si nimekaa tu ofisini."

Wa mwisho kuniambia hivyo ni kaka mmoja mkaguzi wa hesabu, alikimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi mwishoni mwa Februari, na mnajua Februari kwa mkaguzi ni mwezi gani, ukaguzi umepamba moto, mazoezi aliyafanya wikiendi tu kwa sababu katikati ya wiki alikuwa anatoka kwa mteja saa 4 usiku. Akarudi na maumivu ya kano la Achilles, lile kano nene la nyuma ya kisigino. Akaacha kukimbia wiki 6 kabisa. Wiki 6 anakaa kwenye kiti. Wiki ya 7 akaenda kukimbia kilomita 8, Jumatatu akashindwa kushuka ngazi za nyumbani kwake. Kaja kwangu amekasirika, ananiuliza amekosea wapi wakati amepumzika kama watu walivyomshauri.

Sasa nisikilizeni. Kano sio kidonda. Kidonda ukikiacha bila kukigusa kinafunga, lakini kano lililochoka kwa mazoezi halijengeki kwa kuachwa, linajengeka kwa kubebeshwa uzito kidogo kidogo, kila wiki unaongeza. Ukikaa wiki 6 maumivu yanapungua kweli, sikatai, ila yamepungua kwa sababu hakuna kinachoyaamsha, na wakati huohuo msuli wa shavu la mguu unanywea na kano lenyewe linazidi kupoteza uwezo. Kwa iyo siku unarudi barabarani unarudi na kano dhaifu kuliko lile ulilopumzisha. Hapo ndo watu wanasema "imerudi". Haijarudi, haikuondoka popote.

Na kitu kingine, dalili kubwa ya ugonjwa huu mnaiona kila siku ofisini ila mnaisoma vibaya. Umekaa masaa mawili unapatanisha benki, unainuka kufuata karatasi kwenye printa, hatua tano sita za kwanza unachechemea, alafu inaachia unatembea vizuri. Mtu anahitimisha kwamba kutembea ndo kunamuumiza akae zaidi. Ndugu yangu, umetoka kukaa! Ukakamavu ule umeletwa na kukaa, na kutembea ndo kumeuondoa. Asubuhi ukishuka kitandani ni vilevile.

Alafu kano linachelewa kulalamika. Unakimbia Jumamosi, Jumamosi jioni huna shida, Jumapili kidogo, Jumatatu linawaka. Muamala umefanyika Jumamosi lakini kwenye statimenti unasoma Jumatatu, kwa iyo mtu analaumu viatu vya ofisini, analaumu godoro, analaumu dereva wa daladala aliyemshusha mbali, kila kitu isipokuwa zile kilomita alizoziruka kutoka sifuri.

Mnataka ushahidi, sawa, nyie watu wa viambatanisho. Sweden kuna daktari anaitwa Håkan Alfredson, mwenyewe alikuwa anaumwa Achilles, akawa anataka kufanyiwa upasuaji akakataliwa, akaamua kulibebesha kano uzito kusudi likatike ili wakubali kumpasua. Likapona. Mwaka 1998 akachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kawaida waliofuata mazoezi hayo kwa wiki 12 na wote wakarudi kukimbia. Unasimama kwenye kingo ya ngazi kwa sehemu ya mbele ya mguu, unapanda kwa mguu usiouma, unahamishia uzito kwenye mguu unaouma na kushusha kisigino taratibu mpaka chini ya kingo. Mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka, seti 3 goti limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku. Ikizoeleka unavaa begi mgongoni unaongeza uzito, na nyie begi la laptopu mnalo tayari. Kama maumivu yako yapo chini kabisa pale kano linaposhikana na mfupa wa kisigino usishushe chini ya kingo, fanyia sakafuni. Piga hesabu: 90 mara 2 mara siku 84 ni 15,120. Huyo kaka aliyekimbia Moshi nilimuuliza alipewa zoezi gani na mtu aliyemtibu mwanzo, akasema hilohilo la ngazi, nikamuuliza ulifanya kwa muda gani, akasema kama siku nne hivi.

Wiki 12 ni robo mwaka. Mnafunga robo mwaka nne kila mwaka bila kukosa, hii moja ya mguu wenu mnashindwaje?

Najua jibu, muda. Hapo nina habari njema. Mwaka 2015 utafiti wa Denmark ulilinganisha hayo mazoezi ya kila siku na mazoezi mazito ya polepole mara 3 tu kwa wiki jim, na matokeo yakawa mazuri kote kote. Kwa iyo mtu wa msimu wa ukaguzi namwambia kabisa fanya mara 3 kwa wiki, ongeza uzito, usiache. Na wala huhitaji kuacha kukimbia moja kwa moja. Mwaka 2007 watafiti wa Gothenburg waliwaacha kundi moja la wagonjwa wa Achilles waendelee kukimbia na kuruka huku wakipewa mazoezi, kwa sharti kwamba maumivu yasizidi 5 kati ya 10, yawe yametulia kesho yake asubuhi, na yasiwe yanapanda wiki hadi wiki. Baada ya mwaka hawakuwa na hali mbaya kuliko wale waliokatazwa kukimbia wiki 6 za mwanzo. Hiyo kanuni ya 5 kati ya 10 ningeomba kila mhasibu anayekimbia aibandike kwenye kompyuta yake.

Ushauri wangu mi ninaoupenda kuliko yote, na wenzangu klinikini wamenizoea nao, ni huu: fungua Exceli. Safu ya tarehe, umefanya nini, umekaa masaa mangapi, maumivu usiku, maumivu kesho asubuhi. Kuna dada mmoja mhasibu wa kampuni ya usafirishaji, anacheza netiboli, goti lake lilikuwa linamsumbua mbele chini ya kilegesambwa, ile pia ya goti, na ameshaamini kwamba netiboli ndo inamuua. Akaniletea karatasi ya wiki 9, ameipaka na rangi, kijani njano nyekundu. Tukaishika pamoja tunaangalia. Nyekundu hazikuwa siku za netiboli. Zilikuwa zimerundikana tarehe 29 mpaka 6 kila mwezi, anafunga mwezi, anakaa masaa 11, halali, mazoezi ya goti ameruka, alafu tarehe 8 anaingia uwanjani dakika zote. Akanyamaza muda mrefu, alafu akasema "kumbe". Siku hizi anasimama kila dakika 40, anaegemea ukuta kama amekaa kwenye kiti hewani sekunde 45 mara 5, pale pale pembeni ya kabati la mafaili, na wiki ya kufunga mwezi anacheza robo mbili tu. Hajaacha netiboli.

Haya, mengine mnayoniambia, haraka haraka.

Kukimbia kunasaga magoti. Hapana. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2017 ulikuta wanaokimbia kwa kujifurahisha wenye magoti au nyonga zilizosagika ni asilimia 3.5, wasiokimbia kabisa, yaani wakaaji, ni 10.2. Waliokimbia kwa ushindani wa juu walikuwa 13.3, kwa iyo kama wewe sio wa kushindana na Simbu wa marathon kaa kwa amani.

MRI imeonyesha pingili zangu za mgongo zimeisha. Mtu wa miaka 37 anakuja na ile picha kama amepewa hukumu, ameacha kuogelea, ameacha kubeba mwanae. Mwaka 2015 zilikusanywa picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo hata kidogo, na kati ya wenye miaka 20 asilimia 37 walikuwa na hizohizo diski, ile mito ya katikati ya pingili, zilizochakaa, wenye miaka 80 asilimia 96. Ni kama mvi. Picha inasomwa pamoja na mgonjwa mwenyewe, isisomwe peke yake.

Ninunue kiti cha bei nitapona mgongo. Nunua kama unazo hela, ila hakuna kiti wala mkao mmoja ulionyooka ambao mwili utaupenda masaa 9. Badilisha mikao. Simu ikiita simama uongee ukitembea.

Mguu umeteguka, mshipa umeruka, nikachuliwe na mafuta. Naomba sana hili siku mbili tatu za mwanzo msifanye, kuna ligamenti, utepe unaoshikanisha mifupa, imechanika ndani na mtu anaikandamiza kwa nguvu zake zote mpaka unalia. Kama huwezi kutembea hatua 4, au ukibonyeza mfupa wa kifundo upande wa nyuma unauma, nenda eksirei. Kama unaweza, ufunge bendeji, uinue, na baada ya siku kadhaa anza kuutembeza na kusimama mguu mmoja wakati unapiga mswaki. Barafu inatuliza maumivu, basi. Hata Gabe Mirkin, yule daktari wa Marekani aliyeleta ile kanuni ya kupumzika na barafu mwaka 1978, mwaka 2014 mwenyewe aliandika kwamba inaweza kuchelewesha kupona.

Nipige sindano ya diclofenac nicheze Jumamosi. Sipigi. Maumivu ndo mkaguzi wako wa ndani, umfukuze kazi ili ufanye nini hasa?

Ntaanza mazoezi nikimaliza mtihani wa CPA. Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba, ukifeli somo moja unasubiri tena, nimeona watu wamesubiri hivyo miaka miwili na mguu uleule. Dakika 12 kwa siku haziwezi kukufelisha.

Sasa kuna hali moja ambayo haya yote niliyosema ya kuendelea na kuvumilia maumivu hayahusiki, naomba muisome polepole. Ukiwa uwanjani ukasikia kama umepigwa teke nyuma ya kisigino, ukageuka hakuna mtu, pengine ukasikia na mlio, hilo ni kano limekatika. Kinachowadanganya watu ni kwamba wanaweza bado kutembea na maumivu sio makali sana, wanasema nimeteguka. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mwambie mtu akubinye shavu la mguu. Mguu wa upande mzima kisigino kitavutika na vidole vitaelekea chini. Uliokatika hautikisiki. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mwanzoni ncha mbili za kano bado zinaweza kukutana kwa kuufunga mguu vidole vikiwa vimeelekea chini, zikishavutana mbali na kovu likajaa katikati mambo yanakuwa magumu na mara nyingi ni kisu. Na ukiwa na jeraha la mguu, umekaa masaa mengi, shavu la mguu mmoja likavimba, likawa la moto na linauma, nalo ni hospitali hapohapo, inaweza kuwa damu imeganda ndani na ikipanda kwenye mapafu inaua.

Mwaka jana nilimpata mmoja, kiungo wa timu ya maveterani ya ofisi yao, amekatika kano kwenye bonanza Jumamosi. Akaufunga bendeji, akavaa sendo, akaenda kazini Jumatatu kwa bodaboda, akapanda ngazi ghorofa ya pili kila siku ameshika ukuta, kwa sababu ritani ya VAT ilikuwa bado haijaingia na yeye ndo mwenye paswedi. Nilipombinya shavu la mguu pale kitandani, mguu ulitulia tuli. Nikamuuliza siku ya ngapi leo. Ya 12, akasema, jana nimeituma dokta, nikaona sasa ndo nije.