Kompyuta ya gemu inayopozwa kwa maji: uongo tunaolishana na ukweli wenyewe

Uongo unaozaa uongo mwingine wote ni huu: eti maji ndiyo yanayopoza. Maji hayapozi kitu, yanabeba tu. Joto linatoka kwenye chipu linaingia kwenye bloku ya shaba iliyoikalia, maji yanapita pale yanalichukua yanalipeleka kwenye rejeta, halafu feni zinalipuliza nje, basi. Ukilifuatilia mpaka mwisho unakuta kompyuta ya maji inapozwa na hewa kama ile nyingine tu, tofauti ni kwamba joto limehamishiwa mahali penye nafasi kubwa ya kulitoa. Ukishashika hilo, maneno mengi yanayosemwa kuhusu lupu za kujitengenezea, yaani huo mzunguko wa pampu, tangi, paipu, bloku na rejeta unaoufunga mwenyewe, yanaanguka yenyewe.

Anza na yule anayesema akifunga maji kompyuta itakuwa na ubaridi kuliko chumba. Haiwezekani, rejeta haiwezi kushusha maji chini ya joto la hewa inayopita ndani yake. Chumba kikiwa nyuzi 30, maji yako hayafiki 29 hata ufunge rejeta kumi. Wanaojenga hizi mashine wanaangalia ile tofauti kati ya maji na hewa ya chumba, ikiwa kama nyuzi 10 hivi mashine ikiwa imebanwa kwelikweli, hiyo lupu iko vizuri. Yaani chumba 30, maji 40, na chipu zenyewe zinakuwa juu ya hapo, hakuna ujanja. Uzuri wake ni kwamba kwa kuwa maji hayashuki chini ya joto la chumba, hutapata umande kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta), kwa hiyo anayekutisha na habari za umande kachanganya na mitambo ya kupoza kwa kompresa kama friji.

Halafu kuna hii ya prosesa, na hapa wengi wanaumia wakishamaliza kutoa hela. Mtu anategemea prosesa itulie kwenye 40 huku gemu inakimbia, anawasha anakuta 70 na kitu anadhani kaharibu. Hujaharibu. Chipu za siku hizi ni vipande vidogo sana vinavyotoa moto mwingi, na huo moto lazima upite kwenye silikoni yenyewe, uvuke kifuniko cha chuma, uvuke pesti inayopakwa juu yake, ndio ufike kwenye bloku, msongamano uko hapo kabla hata maji hayajajua kinachoendelea. AMD walisema wazi kuhusu prosesa zao za Ryzen 7000 kwamba zimeundwa zipande mpaka nyuzi 95 zikipewa kazi nzito ya koa zote (vile vitengo vya kazi ndani ya prosesa), ukiipoza zaidi inatumia ile nafasi kuongeza spidi, inarudi kulekule juu. Kadi ya grafiki ndiyo hadithi nyingine kabisa. Kule hakuna kifuniko, bloku inakaa moja kwa moja juu ya chipu pana, na umeme unaoliwa ni mwingi, kadi ya Nvidia RTX 4090 imepangiwa wati 450. Kadi iliyokuwa inagonga sabini na kitu kwa feni zake kuikuta kwenye hamsini ikiwa na maji ni kawaida. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia ana hela ya bloku moja tu namwambia weka kwenye kadi, prosesa iachie feni nzuri, ingawa wengi wanafanya kinyume sababu prosesa ndiyo rahisi kufunga.

Na je, gemu itakimbia zaidi? Kidogo mno. Kadi hupunguza spidi yake kwa hatua ndogondogo joto linavyopanda, ukiipoza unarudishiwa hizo hatua, lakini kwa macho huoni. Labda kama kadi ilikuwa inapikika mpaka inajibana spidi yenyewe, hapo utaona, ila tatizo kama hilo mara nyingi linaisha ukifungua tu njia ya hewa kwenye keisi.

Unachonunua kwa kweli ni utulivu wa kelele, na hata huo hauji wenyewe. Kuna watu wana lupu ya nguvu na mashine inanguruma kuliko ya feni, sababu mbili: pampu wameiacha ispini mwisho, na spidi ya feni wameipanga ifuate joto la prosesa. Joto la prosesa linarukaruka, ukifungua ukurasa mmoja wa intaneti linapaa nyuzi 20 kwa sekunde moja linashuka, na feni zinapanda na kushuka nalo mpaka unachoka. Maji hayana papara hiyo. Lita moja ya maji ukiipa wati 420 bila kuipoza popote inapanda nyuzi moja kila sekunde 10, ndio maana inachukua dakika 20 au nusu saa lupu nzima ifike pale itakapotulia. Nunua sensa ya joto la maji, kitu kidogo tu kinachofungwa kama fitingi (kiungio cha paipu), ichomeke kwenye mazabodi kama ina pini zake au kwenye kidhibiti cha feni, halafu waambie feni zifuate hiyo. Zitapanda polepole sana hata hutasikia zimepanda. Na kwa sababu hiyohiyo, mtu anayekuonyesha majibu ya jaribio la dakika tano anakuonyesha maji ambayo hayajapata moto bado, usimsikilize.

Sasa ubishi usioisha: "lazima rejeta ikae katikati ya prosesa na kadi, la sivyo kadi inapokea maji ya moto." Inaingia akilini ukiisikia, lakini piga hesabu. Maji yakizunguka lita 4 kwa dakika na kadi inatoa wati 400, maji yakipita kwenye kadi yanapanda nyuzi moja na nusu hivi. Moja na nusu! Yanazunguka haraka kiasi kwamba lupu nzima inakuwa na joto karibu sawa kila mahali. Kwa hiyo panga kwa namna ambayo paipu zinapita vizuri na macho yanafurahi, sheria inayobaki ni moja tu, tangi liwe kabla ya pampu na liilishe pampu maji muda wote, kwa sababu beringi ya pampu inalainishwa na hayohayo maji, ukiiendesha kavu unaiua. Mdogo wake na ubishi huu ni ule wa kupunguza spidi ya pampu ili "maji yapate muda wa kupoa kwenye rejeta". Yakipata muda kwenye rejeta yanapata muda pia wa kuchemka kwenye bloku, hujafaidi kitu. Ila pia usihangaike na spidi kubwa, ukishavuka hizo lita 4 nyongeza ni ya kelele tu.

Kwenye metali hapana mchezo. Shaba na alumini kwenye lupu moja, maji yakiwa katikati, ni betri. Alumini inaanza kuliwa, inatoa uchafu mweupe mweupe unaoenda kujaa kwenye bloku, na dawa ya kuzuia kutu inachelewesha tu haizuii. Shaba, brasi na shaba iliyopakwa nikeli zinaelewana. Kwa hiyo rejeta ya bei ya kutupa soma maelezo yake mpaka mwisho kabla hujaichanganya na bloku ya shaba, kuna seti za alumini tupu na hizo ziko sawa zikikaa peke yake.

Kuhusu maji yenyewe: ni kweli maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na madini, yanapitisha umeme kidogo sana. Watu wakisikia hivyo wanahitimisha kwamba yakivuja hakuna noma. Noma ipo, maana yakishazunguka kwenye metali kwa muda yanaokota chembe za kila aina na sio yale tena uliyomimina, na juu ya mazabodi kuna vumbi pia. Ukiona tone, kata umeme ukutani kwanza, mengine baadaye, kausha, pitisha spiriti ya isopropili, acha ikauke mpaka uwe na uhakika. Na hayo maji peke yake bila dawa ya kutu na ya kuzuia mwani ndani ya miezi utaona ukijani kwenye paipu. Ya bomba ndio usiweke kabisa. Kulanti ya gari? Itazunguka, ila imejaa glaikoli, ukiiweka nyingi inabeba joto kidogo kuliko maji, na kulanti za aina nyingi ni sumu, ukiwa na watoto au paka ndani ya nyumba fikiria mara mbili. Na zile rangi nzito kama maziwa zinazopendeza kwenye picha, rangi ile ni chembechembe, na njia za maji ndani ya bloku ni nyembamba kuliko milimita moja, fikiria mwenyewe zinaenda kutulia wapi. Mimi naweka maji yasiyo na rangi natia rangi kwa taa.

Kukaza fitingi mpaka ilie ni tabia ya mafundi bomba, na huku inavunja vitu. Fitingi za kompyuta karibu zote ni uzi wa G1/4, na uzi huo hauzuii maji, anayezuia ni oringi, ile pete ya mpira. Zungusha kwa mkono mpaka usikie oringi imegusa, ongeza kidogo, acha. Hakuna tepu nyeupe. Ukikaza kwa spana kwenye tangi la akriliki unapata ufa mwembamba kama uzi wa buibui kuzunguka tundu, na huo hautengenezeki. Kinachovujisha lupu nyingi za paipu ngumu ni kitu kidogo kuliko hapo: mtu kakata paipu na msumeno, ukingo umebaki mkali, anaisukuma kwenye fitingi na ule ukingo unaichana oringi kimyakimya. Piga msasa ukingo wa nje na wa ndani mpaka ukipitisha kidole haukwaruzi, loanisha oringi na maji ya lupu, ndio usukume. Halafu hii dharau kwamba paipu laini ni za wasiojua, puuza, kwenye joto hakuna tofauti, na paipu ngumu za plastiki ya PETG huanza kulainika maji yakikaribia nyuzi 60, pampu ikifa usiku haitakusubiri.

"Bloku ya kadi yenye chipu ileile itaingia tu." Haiingii. Bloku inafuata ramani ya bodi ya kadi sio jina la chipu, kadi mbili za chipu moja kutoka kwa watengenezaji tofauti zinaweza kuwa na kapasita mahali tofauti kabisa. Na ukifunga, pedi za joto, zile zinazokaa kati ya memori na bloku, ziwe na unene ulioandikwa kwenye maelekezo, ikipungua kidogo chipu itakuonyesha hamsini safi huku memori pembeni inaungua na wewe hujui mpaka uangalie joto lake peke yake.

Kupima uvujaji kwa kuwasha mashine nzima na kuweka tishu chini ni kamari. Inayowaka iwe pampu tu: chomoa waya zote za mazabodi na kadi, kwenye plagi ya pini 24 ya pawasaplai unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kidaraja ili iwake bila mazabodi, acha maji yazunguke saa kadhaa huku umezima kila kitu kingine. Kama una kipimo cha hewa ni bora zaidi, jaza hewa kwa presha ya nusu ba hivi kabla maji hayajaingia, sindano ikishuka kuna mahali panapumua na hujalowesha kitu bado.

Na mwisho yule anayedhani AIO, kile kipozaji cha maji kinachouzwa kikiwa kimeshafungwa tayari, ni toi. Ukiwa unapoza prosesa peke yake, AIO ya milimita 360 na lupu yenye rejeta ya 360 zinapishana nyuzi chache tu, kwa sababu zilezile za kifuniko na pesti. AIO nyingi huwezi kuzijaza tena maji yakipungua, na yanapungua polepole kupitia mipira yake hata bila kuvuja, lupu yako unaimwaga na kuijaza upya kila baada ya mwaka hivi. Hiyo kazi inakuwa ya dakika chache kama uliweka koki ya kumwagia chini kabisa ya lupu, kama hukuweka utashika keisi nzima umeiinamisha juu ya ndoo na mtu wa pili akikushikia paipu.