Kikapu cha Mwaborijini hakipimwi kwa rafia

Weka mtandaoni picha ya kikapu cha Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia) wa jangwa la kati, kilichoshonwa kwa rafia nyekundu (nyuzi za mti wa jamii ya mtende, za kununua dukani), na mtu ataandika: "Hiki si cha asili." Mwonyeshe cha Wangarrindjeri, cha ndago tupu isiyotiwa rangi, naye atasema hicho ndicho chenyewe, kimetoka enzi za mababu bila kubadilika hata mshono. Nimezisoma hukumu hizi mara nyingi mno. Zote mbili zinafuta kazi ya wanawake walioushika ufundi huu, na zote mbili zinakosea historia.

Nianze na Wangarrindjeri, watu wa mwisho wa Mto Murray na wangwa wa Coorong, jimbo la Australia Kusini. Huko ndiko tunakoweza kusema ufundi ulifufuliwa kweli. Walikuwa wamebaki wachache waliojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mzee Dorothy Kartinyeri aliwafundisha wengine, wakiwemo Yvonne Koolmatrie na Ellen Trevorrow. Koolmatrie alisuka tena hata mitego ya mikunga, na mwaka 1997 kazi zake zilikuwa kwenye Venice Biennale, maonyesho ya sanaa ya kimataifa huko Italia. Trevorrow amefundisha miaka mingi kwenye kituo cha Camp Coorong, karibu na Meningie.

Ufundi wenyewe si ukili. Hakuna kusuka utepe kisha kuuunga. Fungu la ndago linazungushwa kuanzia kitovuni na kila mzunguko unashonewa kwenye uliotangulia. Aliyewahi kushika agaseke ya Rwanda ataujua muundo huo mara moja. Ndago yao ni Cyperus gymnocaulos, shina la mviringo lisilo na majani ya maana, linaloota ukingoni mwa maji baridi. Linachomolewa moja moja, shina zima lenye sehemu nyeupe ya chini, ili kichaka kiendelee kuchipua. Hukaushwa kwanza, kisha huloweshwa na kuviringishwa ndani ya taulo bichi siku ya kazi.

Hapo pa kukausha ndipo wanafunzi wanapoharibu. Ndago mbichi inapinda vizuri na kikapu kinaonekana kimekaza, ila ikikauka inasinyaa. Fungu linakuwa jembamba ndani ya mshono, na baada ya wiki chache unaweza kukitikisa chote. Ndago isiyolowa vya kutosha nayo inavunjika pale inapopita tundu la shazia. Vitabu vinataja dakika za kulowesha. Mimi siziamini: shina nene lililokaa mwaka mzima ghalani na jembamba la juzi hayawezi kupewa muda mmoja. Lipinde kwenye kidole. Likikubali bila mlio, anza.

Mashina manane hadi kumi yanatosha fungu. Ndago moja kwenye shazia (zamani ulitumika mfupa uliochongwa) inapita juu ya fungu, inaingia chini ya mshono wa mzunguko wa nyuma, inatokea ndani ya kitanzi chake yenyewe, unavuta. Duara linapopanuka, mishono ya nyuma haitoshi tena, kwa hiyo mara kwa mara unatia miwili mahali pa mmoja. Asiyeongeza anaona nafasi zinaachana, anavuta kwa nguvu kuzifunga, na kitako kinajikunja juu kama bakuli kabla hajataka bakuli. Kosa jingine ni kuunga fungu kwa mashina matatu kwa pamoja. Ingiza moja, katikati ya fungu, kabla la zamani halijaisha. Yakiishia mahali pamoja panatokea shingo nyembamba, na kikapu kikibebeshwa mzigo kinalegea hapo kwanza.

Sasa nenda Arnhem Land, kaskazini. Huko kusuka hakukuwahi kufa. Wanawake huvuta majani machanga ya mkadi (Pandanus spiralis) kwa mti wenye ndoano, wanaondoa miiba, wanapasua jani tabaka mbili kwa ukucha likiwa bado bichi, wanachemsha na mizizi ya rangi. Mzizi wa njano ukitiwa majivu huelekea wekundu. Vikapu vyao vya zamani vimepotolewa: nyuzi mbili zinapishana kuukumbatia wima mmoja baada ya mwingine. Ule mshono wa kuzungusha, ambao wateja wanauona wa kale kuliko yote, ulifika kisiwa cha Goulburn miaka ya 1920 na mmishenari Gretta Matthews, aliyeupata kwa Wangarrindjeri. Ni ufundi wa wanawake wa kusini uliosafiri hadi kaskazini.

Jangwani ulifika baadaye zaidi. Tjanpi Desert Weavers, kikundi cha wanawake wasusi, ilianza 1995 kwa warsha za Baraza la Wanawake la NPY (la watu wa Ngaanyatjarra, Pitjantjatjara na Yankunytjatjara) huko Papulankutja, kijiji cha jangwani. Kabla ya hapo wanawake walisokota kamba za nywele na kutengeneza manguri, yaani kata ya kuwekea chombo kichwani, iliyozungushiwa kamba hiyo hiyo. Mikono iliyozoea kuviringa na kukaza manguri ilipokea kikapu cha nyasi upesi, na haikuishia kwenye kikapu: mwaka 2005 wanawake wa huko walishinda tuzo kuu ya kitaifa ya sanaa ya Waaborijini kwa gari la nyasi, Toyota yenye ukubwa wa gari halisi. Anayelalamikia rafia aeleze kwanza nyasi fupi za jangwani zingeshonwa kwa uzi gani.

Hata hivyo nina wasiwasi na rafia, ingawa si ule wa wanunuzi. Uzi ukinunuliwa dukani, safari ya kutafuta mmea hupungua, na kwenye safari hiyo bibi humwonyesha mjukuu mahali, majira na mipaka ya kuchuma. Tjanpi wameliona hilo. Nyasi bado zinafuatwa porini kwa pamoja. Kusini ugumu uko kwenye maji. Mabwawa ya mlango wa Murray yalikamilika 1940, na katika ukame wa miaka ya 2000 Ziwa Alexandrina, lililo karibu na mlango huo, lilishuka chini ya usawa wa bahari, ukingo wa maji ukaiacha mimea ya kinamasi nchi kavu. Vitalu vya miche vya Wangarrindjeri vilishiriki kupanda upya kingo hizo. Mwalimu wa kusuka asiye na kinamasi anachoruhusiwa kuingia ana shazia tu mkononi, kwa hiyo anayetaka kuunga mkono ufundi huu aanze kuuliza habari za mto.