Umetubu. Na zile hela?

Swali ninaloletewa mara nyingi baada ya ibada halihusu siku za mwisho wala zaka. Ni hili: "Mchungaji, nimetubu, nimeombewa, mbona moyo bado unanisuta?" Anayeuliza huwa ameshapita mbele madhabahuni zaidi ya mara moja, na anaanza kudhani imani yake ina kasoro. Mimi ni mwalimu wa Agano la Kale, kwa hiyo kabla sijafika Warumi mkono unakimbilia Hesabu 5, na ninamuuliza kama mhasibu: kuna mtu anakudai?

Wengi hunyamaza kidogo hapo.

Hesabu 5:6-8 ni mistari mitatu tu, na sikumbuki kuisikia ikihubiriwa Jumapili. Aliyemkosea mwenzake katika mali anahesabiwa kuwa amemwasi Bwana mwenyewe. Anatakiwa aungame, arudishe alichochukua chote, aongeze juu yake sehemu ya tano, na ampe yule aliyemkosea. Kondoo wa upatanisho anatajwa mwishoni kabisa. Walawi 6 nayo imefuata mpangilio huohuo: mali irudi kwa mwenyewe, ndipo kondoo aletwe kwa kuhani. Kosa ni moja, waliokosewa ni wawili, na hakuna anayeruhusiwa kupokea kwa niaba ya mwingine.

Tuseme mama mmoja ni mtunza hazina wa kikoba. Sanduku lina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, lakini marejesho yanayoletwa katikati ya wiki hupitia mkononi mwake kabla ya siku ya kikao. Kidogo kidogo amechota laki nne, na kwenye daftari ameandika kwamba mwanachama fulani hajarejesha. Ijumaa kwenye mkesha analia, anatubu, anaombewa. Jumapili anatoa ushuhuda, kanisa linapiga vigelegele. Jumatatu yule mwanachama bado anaitwa mdaiwa sugu, na kikao kimemnyima mkopo wa ada ya mtoto.

Kwa hesabu ya Musa, mama huyu anatakiwa kuleta 480,000. Ile elfu themanini ya juu naiona kama kukiri kwamba hela iliyokaa kwangu ilikuwa na kazi kwa mwenyewe. Lakini hela ndiyo sehemu nyepesi. Nimeona watu walio tayari kutuma pesa usiku kupitia kwa wakala, bila jina, wakiamini wamemaliza. Daftari je? Jina la mwenzako lililochafuliwa mbele ya watu thelathini halisafishwi kwa muamala wa siri. Waliosikia uongo ndio wanaopaswa kusikia ukweli, na kutoka mdomo uleule. Dawa ya deni kulipa, na hapa madeni ni mawili.

Walutheri wenzangu watashtuka: huyu amerudi kwenye wokovu kwa matendo? Hapana. Someni Luka 19 polepole. Yesu alijialika nyumbani kwa Zakayo kabla mtoza ushuru huyo hajarudisha hata senti. Ahadi ya kulipa ilikuja baada ya neema kubisha hodi. Na tazameni kiwango alichojipangia. Anayeungama mwenyewe, torati ilimdai mali pamoja na sehemu ya tano. Malipo mara nne yalikuwa ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza, Kutoka 22:1. Zakayo angeweza kudai kifungu chepesi. Alijihukumu kwa kile kizito, na hakuna aliyemlazimisha. Mtu anayenunua msamaha hupatana bei. Huyu alikuwa anapandisha.

Kinachosafisha dhamiri ni damu ya Kristo, Waebrania 9:14, na sitaki kuongeza kitu hapo. Ila laki nne ya kikoba haijawahi kuwa yako, kwa hiyo hata ukiitoa sadaka yote huwezi kumlipa Mungu kwa hela ya watu. Wakatoliki katika hili wako wazi kuliko sisi: Katekisimu yao, namba 1459, inasema ondoleo, yaani tamko la msamaha analolitoa padri kwenye kitubio, linaondoa dhambi lakini halitengenezi uharibifu wote ambao dhambi imesababisha, na inataja wazi kurudisha kilichoibwa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina historia. Uamsho uliochipuka miaka ya 1930 Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika kupitia Bukoba, ulijulikana kwa nyimbo na ushuhuda, lakini uliwashangaza hata wasioamini kwa sababu watu walirudisha vitu. Waliokoka wakaenda kwa waajiri wao na vitu walivyowaibia, na wengine wakalipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa. Ushuhuda tumeurithi vizuri sana. Kurudisha vitu kumebaki njiani.

Kuna mipaka, nisieleweke vibaya. Mwenye mali akiwa amekufa, Hesabu 5:8 inamtafuta ndugu yake wa karibu, na akikosekana ndipo mali inakwenda kwa Bwana kupitia kuhani. Kwa hiyo kanisa ni la mwisho kwenye foleni. Asiye na uwezo alipe kwa awamu, na mwenye mali ajue. Aliyezini asimtaje mwenzake kwenye kipaza sauti, maana hiyo si haki yake kuianika. Na uliyemchukia mtu kimyakimya miaka yote bila yeye kujua, usiende kumtwisha habari hiyo ili wewe ulale vizuri. Ungama kwa Mungu, kisha anza kumtendea mema.

Halafu yupo yule ambaye hadaiwi na mtu. Amelipa, ameomba radhi, amesamehewa, na bado anarudi kuungama dhambi ileile. Luther akiwa mtawa alikuwa hivyo. Alimchosha Staupitz, mlezi wake wa kiroho, kwa maungamo ya saa nyingi. Kwa mtu huyu sifungui Hesabu. Namsomea 1 Yohana 3:20, kwamba moyo ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu. Akitaka kuungama tena jambo lilelile, nakataa kulisikia. Namuuliza habari ya usingizi, chakula na kazi, na ikibidi namwelekeza kwa daktari, kwa sababu hofu ya namna hiyo wakati mwingine ni ugonjwa, na ugonjwa huo una tiba.