Mizani ya nguvu: Vienna 1815 na hesabu ya vichwa

Mizani ya nguvu, katika siasa za kimataifa, ni hali ambayo hakuna dola hata moja lenye ubavu wa kuyakalia mengine yote. Likinenepa mno moja, mengine hujipanga upande wa pili mpaka lirudi kwenye kipimo. Hakuna anayelazimika kumpenda jirani. Inatosha kila mmoja ajue kwamba akivamia atakutana na wengi. Dhana hii haikuzaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria ambako madola ya Ulaya yalikutana 1814 na 1815 kuipanga upya ramani, kwani Mkataba wa Utrecht wa 1713 tayari ulikuwa umeitaja. Ila Vienna ndiko ilikogeuzwa hesabu kamili: hesabu ya ngome, ya mito na, zaidi ya vyote, ya watu kwa idadi ya vichwa.

Aliyeyafikisha madola hapo ni Napoleon, Kaisari wa Ufaransa. Katika miaka kama kumi na mitano alikuwa ameipindua ramani ya Ulaya juu chini. Ufalme huu kampa kaka yake, ule kampa shemeji. Dola Takatifu la Roma, lililodumu karne nyingi, likavunjika mwaka 1806, na kwenye ardhi ya Poland akaunda utawala mpya wenye makao Warsaw. Alipojiuzulu Aprili 1814 na kupelekwa kisiwa cha Elba, washindi walijikuta na vipande vya nchi visivyo na mwenyewe, au vyenye wenyewe wawili watatu. Mkataba wa Paris wa tarehe 30 Mei 1814 uliirudisha Ufaransa karibu kwenye mipaka yake ya 1792, kisha ukaagiza wajumbe wakutane Vienna kuyamaliza yaliyobaki.

Usifikirie ukumbi wenye viti na mwenyekiti. Tangu Septemba 1814 mpaka Juni 1815, kikao cha wajumbe wote hakikufanyika hata mara moja. Kulikuwa na dansi, mawindo na karamu, na pembeni kulikuwa na vyumba ambamo watu wanne au watano walikubaliana kwa niaba ya wengine. Mzee mmoja mwinyi, Charles-Joseph de Ligne, alitania kwamba mkutano unacheza dansi lakini hausogei. Akafariki Desemba 1814 bila kuona mwisho wake. Polisi wa Austria nao walikuwa na mkutano wao: waliwalipa watumishi wa majumba waokote vipande vya karatasi kwenye vikapu vya taka na majikoni, vikaunganishwa upya, vikasomwa, na taarifa ikapelekwa kwa Kaisari Francis.

Wenye sauti walikuwa wachache. Austria ilisemewa na Metternich, Uingereza na Castlereagh, Prussia, dola la Kijerumani la kaskazini, na Hardenberg, na Ufaransa iliyoshindwa na Talleyrand, aliyewahi kuwa askofu, kisha mtu wa mapinduzi, kisha waziri wa Napoleon. Tsar Alexander wa Urusi alipenda kujisemea mwenyewe. Hawa walikuwa mamwinyi wa kuzaliwa, waliozungumza Kifaransa wao kwa wao hata pale nchi zao zilipokuwa zikipigana na Ufaransa. Wengi hawakutumikia nchi walikozaliwa. Metternich alizaliwa Koblenz, mbali na Vienna. Nesselrode, waziri wa Tsar, alikuwa Mjerumani wa ukoo aliyezaliwa Lisbon. Kwa watu wa aina hii mkoa ulikuwa mali ya nasaba, nao waliugawa kama ndugu wagawanavyo shamba la urithi. Wakazi hawakuulizwa, na sidhani kama kuna aliyeona hilo kuwa kasoro.

Lakini mnagawana vipi bila kukosana? Desemba 1814 iliundwa kamati ya takwimu, kazi yake ikiwa kuhesabu watu wa maeneo yote yaliyonyang'anywa kwa Napoleon na washirika wake. Ilipata zaidi ya milioni 31. Kuanzia hapo madai yalitajwa kwa idadi ya roho: Prussia ilikuwa imeahidiwa kurudishiwa ukubwa iliokuwa nao kabla ya kupigwa na Napoleon mwaka 1806, yaani takriban watu milioni 10, na swali likabaki ni wapi watatolewa. Talleyrand alipinga kuhesabu vichwa pekee. Alitaka pia iangaliwe ni watu wa namna gani, maana mkulima fukara wa Poland hakuwa sawa, kwa hesabu ya kodi, na mkazi wa ukingo wa Rhine. Kamati haikulifuata sana hilo. Idadi ilikuwa rahisi zaidi kukubaliana nayo.

Mtihani mkubwa ukawa Poland na Saxony, ufalme wa Kijerumani. Tsar alitaka Warsaw na ardhi yake yote. Prussia, ambayo ingepoteza sehemu yake ya zamani ya Poland, ilitaka ifidiwe kwa kupewa Saxony nzima, kwa kuwa mfalme wa Saxony, Frederick Augustus, aling'ang'ania kwa Napoleon mpaka akatekwa Leipzig Oktoba 1813. Austria ikashtuka: Urusi ingesogea magharibi na Prussia ingekaa mlangoni pake. Uingereza nayo haikutaka kumwondoa Napoleon ili nafasi yake ichukuliwe na Tsar. Hapo Talleyrand akapata upenyo. Akashika hoja ya uhalali, kwamba mfalme halali hawezi kuvuliwa nchi yake kwa sababu jirani anaitaka. Tarehe 3 Januari 1815 Austria, Uingereza na Ufaransa zikatia saini mkataba wa siri, kila moja ikiahidi askari 150,000 endapo vita vingezuka. Miezi tisa tu baada ya Napoleon kuondoka, adui wa jana alikuwa ameketi na washindi wawili dhidi ya washindi wengine wawili. Ukitaka kuielewa mizani ya nguvu kwa mfano mmoja tu, chukua huo: haina urafiki wa kudumu, na hata chuki yake haidumu.

Vita havikuzuka. Urusi ilipata sehemu kubwa ya Poland, ikaitwa ufalme chini ya Tsar. Posen, mkoa wa Poland, ikaenda Prussia, na Kraków ukawa mji huru. Saxony ikakatwa: Prussia ilichukua zaidi ya nusu ya ardhi lakini chini ya nusu ya watu, na mfalme akarudishiwa kilichobaki. Upungufu wa Prussia ukajaziwa kwenye mto Rhine, mahali ambapo yenyewe haikuwa na hamu napo sana. Castlereagh ndiye aliyetaka dola lenye jeshi likae pale, liitazame Ufaransa usoni.

Ile hoja ya uhalali, kwa maoni yangu, ilikuwa nguo ya kuvaa na kuvua. Venice na Genoa zilikuwa jamhuri za karne nyingi kuliko baadhi ya falme zilizorudishwa, lakini zenyewe hazikurudishwa. Ya kwanza ilipewa Austria, ya pili ufalme wa Sardinia. Ubelgiji, uliokuwa wa Austria kabla ya mapinduzi ya Ufaransa, uliunganishwa na Uholanzi ili kaskazini kuwe na ukuta wa maana dhidi ya Ufaransa, na Austria ikafidiwa Italia kwa kupewa Lombardy pamoja na hiyo Venice.

Tazama pia mnyororo wa Denmark. Ilikuwa upande wa Napoleon, basi kwa Mkataba wa Kiel wa Januari 1814 ikalazimishwa kuiachia Sweden nchi ya Norway, huku ikiahidiwa Pomerania ya Sweden. Wanorway walikataa, wakajiandikia katiba tarehe 17 Mei, wakapigana kidogo, wakazidiwa. Kule Vienna Prussia ikaitaka Pomerania kwa ajili yake. Ili Denmark isibaki mikono mitupu, Prussia iliipa Lauenburg na fedha juu. Na Lauenburg yenyewe ilikuwa imetoka Hanover, ambayo ililipwa Friesland ya Mashariki. Mkazi wa Lauenburg alipita kwenye mikono ya Hanover, kisha Prussia, kisha Denmark, bila yeye kuhama nyumba.

Jambo moja halikuwekwa kwenye mizani kabisa: bahari. Uingereza ilikataa mambo ya majini yajadiliwe, ikabaki na ilichoteka, yaani Malta, Rasi ya Tumaini Jema, Mauritius na Shelisheli. Kisiwa kidogo cha Heligoland, kwenye Bahari ya Kaskazini, ilikuwa imekipata kutoka Denmark kwa mkataba uleule wa Kiel. Mwaka 1890 kisiwa hicho kikarudi kwenye meza ya kubadilishana: Ujerumani ikakichukua, na yenyewe ikaachia Witu na kukubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Mchezo ulikuwa uleule wa fidia. Walioguswa tu ndio waliokuwa wengine.

Machi 1815 habari zikafika kwamba Napoleon ametoroka Elba. Mamwinyi hawakuvunja kikao. Walimtangaza mhalifu wa dunia, wakaendelea na ramani, na mkataba wa mwisho wenye vifungu 121 ukatiwa saini tarehe 9 Juni, siku tisa kabla ya Waterloo, vita vilivyommaliza Napoleon. Baada ya kushindwa mara ya pili Ufaransa ilibanwa zaidi: mipaka ya 1790, fidia ya faranga milioni 700, na majeshi ya kigeni ndani ya nchi. Bado haikuchanwachanwa. Mizani ilihitaji Ufaransa yenye uzito wake.

Je, ilifanya kazi? Vita vya kuyahusisha madola makuu yote havikutokea mpaka 1914, na wengi huishia hapo wakisifia. Mimi nasita. Kulikuwa na Crimea 1853, Italia 1859, na vita vya Prussia na Austria 1866 na Ufaransa 1870. Tena ile Prussia iliyosukumwa Rhine ilikuta chini ya ardhi ya Ruhr makaa ya mawe ambayo kamati ya takwimu haikuyapima, na ikawa ndiyo iliyoiunganisha Ujerumani mwaka 1871 na kuivunja mizani yenyewe. Waliohesabiwa nao hawakutulia. Wapoland waliasi Novemba 1830, Kraków ukamezwa na Austria mwaka 1846, na Wabelgiji walidumu miaka 15 tu chini ya mfalme wa Uholanzi kabla ya kumfukuza. Mwaka 1830 madola makuu yakakutana tena, safari hii London, kuipanga upya sehemu hiyo ya ramani. Balozi wa Ufaransa pale alikuwa Talleyrand, akiwa na miaka 76.